Nyoka haombi taa, anaomba mchana na usiku



Ku Lubumbashi, nyoka na taa vinakutana mu mawazo ya watu kwa namna mbili. Ya kwanza: mwenye parseli anaacha balbu ya nje ikiwaka usiku kucha, anasema "nyoka anaogopa mwangaza, hataingia". Ya pili: kijana anayefuga chatu mu sanduku, ao anayetaka kumfuga sawa vile anaona ku video za Ulaya, anamtundikia balbu juu ya kichwa mchana na usiku, anasema "huyu mnyama anataka joto, bila taa atakufa".

Wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja. Wanachukua mwangaza na joto kuwa kitu kimoja, kiisha wanasahau kuuliza swali la kwanza kabisa: huyu nyoka anatembea saa ngapi? Swali hilo si la mchezo. Mwenye parseli akikosea, mtoto wake anaweza kufika ku hospitali. Mwenye sanduku akikosea, mnyama anakufa polepole na yeye haelewi sababu. Tulivitenganishe leo, hatua kwa hatua.

1. Balbu moja, kazi mbili

Tuanze na kuku, juu kuku tunamjua wote. Mama mfugaji ananunua vifaranga vya siku moja, anavizungushia karatoni, anatundika balbu katikati. Ile balbu inafanya kazi mbili kwa mara moja. Inatoa joto, kwa sababu kifaranga wa wiki ya kwanza hajaweza kushika joto la mwili wake, anataka karibu digrii 32 mpaka 35. Na inatoa mwangaza, ili aone chakula na maji.

Sasa umeme unakatika. Mama analeta mbabula ya makala, anaisogeza karibu. Mbabula inatoa joto, lakini mwangaza wake ni kidogo sana. Na vifaranga vinapona. Jibu liko mbele ya macho yetu: kilichokuwa kinaokoa kifaranga ni joto.

Kiisha vifaranga vinakua, vinakuwa kuku wa mayai. Mfugaji mwenye akili anawarudishia taa, anaongeza masaa ya mwangaza mpaka 14 ao 16 kwa siku. Pale hatafuti joto hata kidogo. Mwangaza unaambia ubongo wa kuku: siku ni ndefu, wakati wa kutaga umefika.

Kwa hiyo tushike neno hili: joto ni sawa makala, linaendesha mwili. Mwangaza ni sawa saa ya ukutani, unaambia mwili wakati. Kifaranga wa siku moja anavumilia tukivichanganya. Nyoka havumilii.

2. Mwili wa nyoka umetengenezwa aje

Nyoka hachomi chakula ili kupata joto sawa sisi. Joto lake analichukua inje: ku udongo, ku jiwe, ku jua. Njo maana anakula mara chache. Chatu mkubwa akishameza mnyama mzima anaweza kukaa wiki nyingi bila kutafuta kingine. Lakini njo maana pia baridi inamsumbua. Mwili ukipoa, tumbo linafanya kazi polepole sana, na chakula kinaweza kukaa mle mpaka akitapike. Kwa hiyo, ndiyo, nyoka anahitaji joto. Hapo yule kijana mwenye sanduku ana haki.

Lakini joto la porini linatoka wapi usiku? Jiwe limekunywa jua mchana mzima, linaendelea kutoa joto wakati giza limeingia. Udongo vilevile. Na ku Katanga tuna vichuguu, vile vikubwa vinavyosimama mu mashamba sawa vilima. Ndani ya kichuguu joto halipandi haraka mchana wala halishuki haraka usiku, na mashimo yake ni nyumba nzuri kwa nyoka. Anapata joto la jua bila kulala mbele ya jua. Anapata joto na giza kwa pamoja. Tushike hilo, tutalirudilia.

Jambo la pili ni macho. Nyoka hana kope za kufunga. Jicho lake limefunikwa na gamba moja linaloonyesha, sawa kioo. Ukiokota ngozi ambayo nyoka ameivua, angalia fasi ya kichwa: utaona vioo viwili vidogo vimetoka pamoja na ngozi. Maana yake nini? Mtu akiwasha balbu usiku juu ya kitanda chako, unafunga macho ao unavuta blanketi. Nyoka hana cha kufunga. Njia yake ni kuingia mu shimo, na kama sanduku halina shimo, hana njia.

Jambo la tatu ni ile saa ya ndani. Nyoka, sawa sisi na sawa kuku, ana saa mwilini inayofuata mwangaza na giza. Giza likiingia, ubongo unatoa homoni inayoitwa melatonini. Mwangaza ukiwaka, ile homoni inapungua. Mnyama anayewekewa taa masaa 24 anapoteza alama ya usiku. Kwa nyoka wa usiku hiyo ni shida kubwa, kwa sababu usiku ndio wakati wake wa kazi: kutembea, kuwinda, kula. Wafugaji wa nyoka wanajua vizuri ile picha: mnyama amejikunja kona moja, anakataa panya, mwenyewe anafikiri ni mgonjwa. Wakati mwingine anangojea tu usiku ambao haufiki.

3. Posti ya mchana na posti ya usiku

Watoto wa mji huu wanaelewa habari ya posti. Mu migodi kuna timu inaingia asubuhi na timu inaingia usiku. Nyoka ni vilevile. Hakuna "nyoka" kwa jumla, kuna timu.

Posti ya mchana. Hapa kuna wale nyoka wembamba wa rangi ya majani wanaotembea mu miti na kando ya maji, hawana hatari kwa mtu. Kuna nyoka wa nyasi wenye mistari, wanaokimbia mbio kufuata mijusi. Kuna koboko, yule mrefu na mwenye sumu kali kuliko wengi, ambaye anawinda mchana na kurudi mu shimo lake jioni. Na kuna yule nyoka wa miti mwenye macho makubwa sana anayeitwa boomslang. Huyu anawinda kinyonga na ndege kwa kuwatazama, kwa hiyo anahitaji mwangaza. Wataalamu wenyewe walimdharau zamani, juu meno yake ya sumu yako nyuma ya kinywa. Mwaka 1957, Karl P. Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka ku Chicago, aliumwa na mmoja mdogo aliyeletewa amtambue, na alikufa siku iliyofuata.

Macho ya timu hii yako na mboni ya mviringo, na kwa nyoka wengi wa mchana lenzi ya jicho inazuia miali ya ultravioleti, sawa miwani ya jua.

Posti ya usiku. Wa kwanza kwetu ni kifutu, ile nyoka nene na fupi, yenye alama za V ku mgongo, inayojivimbisha na kupuliza. Kifutu hafukuzi mawindo. Analala kimya mu majani makavu ao kando ya njia, anangojea panya apite. Rangi yake inamficha, na mtu akikaribia hakimbii, anatulia palepale. Njo maana watu wanamkanyaga. Mu timu hii kuna pia yule nyoka mdogo wa rangi ya kahawia anayeingia manyumbani kufuata panya na mijusi. Ana mistari miwili myeupe upande wa kichwa, na hana sumu ya kuumiza mtu. Kuna mla-mayai, ambaye anameza mayai ya ndege tu. Akikasirika anasugua magamba yake na kutoa sauti sawa ya kifutu, na watu wanamuua bure. Na kuna chatu.

Macho ya hawa mara nyingi yako na mboni iliyosimama sawa ufa wa mlango. Usiku inafunguka sana, mchana inajifunga kuwa mstari mwembamba. Chatu ameongezewa chombo kingine: ku midomo yake kuna vishimo vinavyosikia joto. Panya mwenye damu ya moto akipita mu giza kamili, chatu anamjua. Taa haimsaidii kitu.

Wa posti zote mbili. Swila, yule anayetema sumu ku macho, anatembea sana usiku lakini mchana pia anaonekana, hasa watoto wake. Huyu njo anaingia mu nyumba na anaweza kuuma mtu aliyelala.

Onyo moja: usitumie mboni ya jicho kujua kama nyoka ana sumu. Koboko na swila wana mboni ya mviringo, na nyoka wengi wasio na sumu wana mboni iliyosimama. Jicho linakuambia saa za kazi, halikuambii hatari. Kiisha, ukiwa karibu kiasi cha kuona mboni, uko karibu mno.

4. Kalenda ya Lubumbashi

Lubumbashi iko karibu digrii 11 na nusu kusini ya ikweta, na iko juu, zaidi ya metri 1,200. Hizo namba mbili zinaeleza mambo mengi.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, urefu wa siku haubadiliki sana. Mwezi wa Juni mchana ni kama masaa 11 na dakika 25. Mwezi wa Desemba ni kama masaa 12 na dakika 50. Tofauti haifiki saa moja na nusu. Ku Ulaya ya kaskazini tofauti ni masaa mengi, na wafugaji wa kule wanapanga taa zao kufuata majira. Kwetu sisi, dirisha linatosha kuwa saa: masaa 12 mchana, masaa 12 usiku, karibu mwaka mzima.

Lakini kwa kuwa tuko juu, joto linabadilika sana. Juni na Julai, usiku unashuka chini ya digrii 10, kila mtu anatafuta blanketi. Wakati ule nyoka wanaonekana mara chache. Wako ndani ya vichuguu na mashimo, wamepunguza mwendo. Wengine wanatoka saa sita mchana kuota jua, hata wale wa usiku. Septemba na Oktoba joto linapanda, moto wa pori unapita, na nyoka wanatoka kutafuta fasi mpya. Kiisha mvua za Novemba zinaleta vyura, panya, na watu mu mashamba kwa kupanda mahindi. Nyoka na mkulima wanakutana ku mstari mmoja. Usiku wa mvua wenye joto ndio usiku wa kazi kwa nyoka.

Kwa hiyo kwetu kinachobadilisha tabia ya nyoka kwa majira ni joto na mvua kuliko urefu wa mchana. Mwangaza unampa saa ya kutoka. Joto linamwambia kama inafaa kutoka.

5. Mama chatu mweusi

Mtu atauliza: kama chatu ni wa usiku, basi jua halimhusu? Linamhusu sana, na hapa kuna hadithi ya kweli ninayoipenda.

Chatu wa sehemu zetu, kusini ya Kongo mpaka Afrika ya Kusini, anaitwa kwa jina la kisayansi Python natalensis. Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuata chatu hawa kwa miaka mingi porini, akatoa matokeo mwaka 2018. Mama chatu anataga mayai ndani ya shimo, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Wakati wa kulalia mayai, rangi yake inageuka kuwa nyeusi. Kila siku anatoka, anajilaza ku jua mpaka mwili wake unakaribia digrii 40, kiisha anarudi mu giza na kuzungushia mayai ule mwili wenye moto. Muda wote ule hali kitu. Watoto wakitoka mu mayai anaendelea kukaa nao karibu wiki mbili, na usiku wanalala ndani ya mikunjo yake wakipata joto.

Angalia namna mama huyu anavyofanya. Mchana anakwenda mwenyewe kuchukua jua, anachukua kiasi anachotaka, anarudi mwenyewe mu giza. Anachagua. Hilo njo somo lote la kufuga nyoka: usimpe taa, mpe uchaguzi.

6. Kwa yule anayefuga

Kwanza sheria. Chatu wote wameandikwa mu orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya pori, na nchi yetu ni memba tangu 1976. Tuna pia sheria ya 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa asili. Kabla ya kukamata mnyama wa pori, kumuuza ao kumvusha Kasumbalesa, unatakiwa kuuliza ICCN na ofisi ya mazingira. Na nyoka wa sumu si wa kufuga nyumbani. Hilo halina majadiliano. Ku Watamu, pwani ya Kenya, kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, wanakofuga nyoka wa sumu. Ni kazi ya watu waliofundishwa, walio na dawa karibu.

Tuchukue chatu-mpira, yule mdogo anayejikunja sawa mpira, anayeishi tangu Senegali mpaka Uganda, na ambaye ni kati ya nyoka wanaofugwa sana duniani. Porini mchana analala mu mashimo ya panya na mu vichuguu, usiku anatoka. Mahitaji yake ni haya:

Joto lenye pande mbili. Upande mmoja wa sanduku digrii 30 mpaka 32, upande wa pili karibu 25, ili achague. Joto litoke ku mkeka wa umeme chini ya upande mmoja ao ku kifaa kisichotoa mwangaza, kiwe na termostati, kwa sababu nyoka anaweza kulalia kitu cha moto mpaka aungue.

Maficho mawili, moja upande wa joto, moja upande wa baridi. Ukiweka moja tu, unamlazimisha kuchagua kati ya joto na usalama.

Mchana masaa 12, usiku masaa 12. Mwangaza wa dirisha unatosha, ao balbu ndogo isiyo na joto. Usiku giza la kweli.

Na ile balbu nyekundu wanayouza, wakisema nyoka haioni? Si kweli. Jicho la nyoka liko na chembe zinazopokea mwangaza wa rangi ile. Kwake balbu nyekundu ni mwangaza hafifu, si giza.

Balbu ya ultravioleti je? Hapa wataalamu wanaendelea kujadili. Miali ile inasaidia ngozi kutengeneza vitamini D, na mijusi wengi wa mchana wanaihitaji kabisa. Nyoka ana bahati: anameza panya mzima na maini yake na mifupa yake, kwa hiyo anapata vitamini na kalisi mu chakula. Uchunguzi uliotolewa 2008 juu ya aina moja ya nyoka wa Marekani ulionyesha kwamba vitamini D iliongezeka mu damu chini ya balbu ile. Mwingine wa 2013 juu ya chatu-mpira haukuona tofauti kubwa. Kwa hiyo si lazima, lakini ikitumika kidogo mchana na kukiwa na maficho, haimzuii kuishi vizuri. Ukumbuke tu kwamba kioo cha dirisha kinazuia karibu miali yote ya kutengeneza vitamini D. Na usipeleke sanduku la kioo ku jua ukifikiri unamsaidia. Sisi wa agronomia tunajua nyumba ya plastiki ya miche inavyopanda joto; sanduku la kioo ni vilevile, na mle ndani hakuna pa kukimbilia.

Na umeme ukikatika? Usiogope haraka. Usiku mmoja wa ubaridi nyoka mzima anauvumilia kuliko joto kali. Funika sanduku na blanketi, uache hewa ipite. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa mu kitambaa upande mmoja. Kama umeme hauaminiki wiki ile, usimlishe, juu chakula bila joto kitamsumbua tumboni. Lakini usilete mbabula mu chumba kilichofungwa. Gesi ya makala haionekani wala hainuki, na kila wakati wa baridi inaua watu. Hakuna nyoka anayestahili roho ya mtu.

7. Kwa yule mwenye parseli

Turudi sasa ku balbu ya nje. Je, nyoka anaogopa mwangaza? Nyoka wa usiku anaweza kukwepa fasi yenye mwangaza mwingi, lakini anafuata chakula. Na balbu inafanya nini? Inaita wadudu. Wadudu wanaita vyura na mijusi. Vyura na mijusi wanaita nyoka. Weka pembeni takataka na gunia za mahindi zinazoita panya, na umetengeneza restora kamili chini ya balbu yako. Nyoka atapita pembeni, mu kivuli cha ukuta, karibu na mlango.

Mwangaza unakusaidia wewe, si kumfukuza yeye. Unasaidia pale unapoweka mguu. Kwa hiyo tochi mkononi ni bora kuliko balbu mbili ku ukuta. Kwenda choo cha nje usiku, tochi na viatu vilivyofunika mguu; kifutu hatakimbia, wewe njo unatakiwa kumuona kwanza. Kata majani kuzunguka nyumba. Matofali, mbao na makala viwe mbali na mlango, na usiingize mkono fasi usiyoiona. Hifadhi mahindi vizuri. Nyumba bila panya ina sababu chache za kutembelewa na nyoka.

Na usilale chini bila neti ya mbu. Ile neti tunayoifikiria kwa malaria tu, uchunguzi uliofanywa Nepal na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu wanaolala chini yake wanaumwa na nyoka kidogo kuliko wengine. Ichomeke vizuri chini ya godoro ao mkeka.

Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka mu orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo, na wengi wao ni watu wa mashamba, sawa wale tuliosoma kwa ajili ya kuwahudumia. Mtu akiumwa: mtulize, asitembeze kiungo kile, toa pete na viatu, mpeleke ku hospitali haraka. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi halivuti sumu. Linavuta muda, na muda njo dawa yenyewe. Swila akitema ku macho, osha kwa maji mengi safi, kiisha hospitali.

8. Kazi iliyobaki kwetu

Nyoka wa Katanga wameandikwa tangu zamani. Gaston-François de Witte alikusanya wanyama mu Pariki ya Upemba kati ya 1946 na 1949. Mwaka 2004, Donald Broadley na Fenton Cotterill walitoa andiko juu ya wanyama watambaao wa kusini-mashariki ya Katanga, wakasema kwamba ni fasi yenye utajiri mkubwa ambayo watu wameipitia bila kuitazama. Orodha kama hizo zinatuambia nani yuko. Mkulima anahitaji pia kujua saa.

Na saa, sisi tunaweza kuiandika. Wengi wetu tuko mu mashamba ya Kipushi, ya Kasenga, ya Likasi, mu miradi ya mahindi na mu mabwawa ya samaki. Nunua kayé ndogo. Ukiona nyoka, simama mbali, usimguse, usimuue kama hakuzuii njia. Andika tarehe, saa, kama mvua ilinyesha, kama mwezi ulikuwa mkubwa, na fasi: kichuguu, bwawa, ghala, njia. Piga picha toka mbali kama inawezekana. Misimu miwili ya mvua ikipita, kikundi cha watu kumi kinaweza kumwambia mkulima wa kijiji chake kitu cha kweli: mwezi huu, saa hizi, kando ya bwawa, chukua tochi.

Ushauri ule ni bei rahisi kuliko balbu ya usiku kucha. Na nyoka naye ataachiwa giza lake.